Pumzi Nilizozifuta

Dada yangu hakuweza kuimba akiwa amesimama mahali pamoja. Akianza tu, mguu wa kushoto ulitangulia, mabega yakafuata, na kabla hujajua alikuwa amefika upande wa pili wa ua, anaimba huku akipanga viti, huku akimkaza mtu kilemba, huku akionja mchuzi kwa ncha ya kidole. Wanawake wa Buyenzi, mtaa wetu, walikuwa wakimwita siku ya kumpaka bibi harusi hina, na si kwa sababu alikuwa na sauti laini. Walikuwapo wenye sauti laini kuliko yake. Ya kwake ilikuwa na mchanga kidogo chini, kama maji ya mto baada ya mvua, na ilikuwa inafika. Aliye jikoni ilimfikia, aliye barabarani ilimfikia.

Nyimbo alikuwa akizitunga mwenyewe, nyingine palepale, akimtaja bibi harusi na shangazi zake na hata mbuzi aliyechinjwa. Moja tu ndiyo aliyoirudia kila harusi, ya kumpokea msichana katika ukoo mpya. Ilikuwa na mstari huu: "Ee mwana wa watu, leo watu ni sisi." Aliuimba mara tatu, na mara ya tatu aliupandisha juu kidogo kuliko ulivyotakiwa kwenda, na hapo ndipo akina mama walipoanza kujifuta macho.

Alinizidi miaka tisa. Asubuhi mpaka alasiri alikuwa anauza vitenge soko la Jabe, na huko pia sauti ndiyo iliyomfanyia kazi: aliweza kumvuta mteja kutoka mlangoni mwa soko bila kuinuka kwenye kigoda. Mimi nachapa barua katika kibanda cha kufotokopi. Watu wananiletea karatasi zilizokunjwa, maneno yamefutwafutwa, na mimi nawarudishia kitu kilichonyooka, pambizo sawa pande zote. Nasema hivi ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya mambo haya, na labda bado niko hivyo.

Kurekodi nilianza kwa bahati. Mteja mmoja alitaka mwaliko wa harusi wa kusikiliza, wa kutuma kwa simu, akaniomba niusome kwa sauti yangu kwa kuwa nilikuwa nimeuchapa vizuri. Ulivyosikika niliona aibu. Sauti yangu ilikuwa kama inatoka ndani ya ndoo. Nikaanza kutafuta mafunzo kwenye simu, nikajua kwamba kuta tupu ndizo zinazorudisha sauti, kwamba herufi P inapiga mikro, kile kinasa sauti, kama kofi, kwamba mdomo ukae kiganja kimoja na nusu mbali nayo. Nilinunua mikro ndogo ya kuchomeka, ya mkononi. Nilitandaza soksi ya nailoni juu ya waya wa kutundikia nguo nikaiweka mbele ya mdomo, na P zikatulia. Baada ya mwaka mmoja watu walikuwa wananijua kwa mialiko hiyo. Sikuwa fundi, nilikuwa mtu wa nyumbani aliyejifunza mambo matano sita, lakini nilijivuna nayo.

Dada yangu na mume wake walikuwa wanaishi na sisi, yaani mimi na Mama, tangu maji yalipowatoa Gatumba. Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili huko, karibu na mpaka, na shemeji alikuwa akivuka kwenda Uvira na kurudi na bidhaa zake. Mto ulipofurika mara ya kwanza walirudi wakapaka chokaa. Uliporudi mara ya pili walibeba walichoweza. Walikuja kwetu na watoto, sufuria, na magodoro mawili yaliyokuwa yamelowa mpaka ndani. Tuliyaanika juani majuma mazima, yakakauka, lakini harufu ya tope haikutoka.

Uvimbe wa shingoni alikuwa nao miaka mingi. Rovu, Mama alikuwa analiita hivyo, na alisema bibi yetu pia alikuwa nalo akafa nalo uzeeni. Dada alilifunika kwa mtandio na hakulizungumza. Halafu mwaka ule lilianza kumbana. Kabla ya kila sentensi ndefu alivuta pumzi, na pumzi ile ilitoa mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Akilala chali alikuwa anashtuka, kwa hiyo alilala ameegemea ukuta. Akiimba alikuwa anakata mstari katikati, anavuta, anaendelea, na wanawake walidhani ni mapambo.

Nilimsindikiza kwa daktari. Alikuwa mtu mpole, alimchorea kwenye karatasi. Alisema nyuma ya uvimbe kuna mishipa miwili myembamba kama uzi, na hiyo ndiyo inayofungua na kufunga sauti. Watajitahidi kuikwepa. Mara nyingi inawezekana.

"Na musipokata?" dada aliuliza.

"Itakunyima hewa, mama. Leo mluzi, kesho kutwa hutapata pumzi ya kupanda ngazi."

Alikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba. Njiani alisimama akanunua nyanya, akazichagua moja moja, akabishana na muuzaji mpaka akaongezwa mbili. Nyumbani alimwambia Mama tarehe tu. Kesho yake, karibu na adhuhuri, alikuja kibandani kwangu, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya, akasubiri mteja aondoke.

"Ile mikro yako inaweza nyimbo?"

"Inaweza."

"Basi nirekodi. Mbele ya kunikata."

"Dada, dogiteri amesema watajitahidi."

"Nimesikia. Mi sisemi hawatajitahidi. Nasema unirekodi."

Tulikuwa na karibu majuma manne.

Siku ya kwanza tulijaribu tu, Jumanne alasiri, sebuleni. Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikachomeka mikro, nikamwambia aimbe wimbo wa kumpokea bibi harusi. Mama alikuwa kwenye mkeka anachagua maharagi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mtaa wetu ni wa mafundi, kila ua wa tatu ni gereji, na jirani yetu alikuwa ameanza kunyoosha bodi ya gari iliyobonyea. Ko, ko, ko-ko. Ko, ko, ko-ko. Nilitaka kusimamisha. Dada alinionyesha mkono niache. Alisikiliza ile nyundo kidogo, kichwa ameinamisha, halafu akaanza kuimba juu yake, akaufanya wimbo uende mbio kuliko kawaida. Alitembea. Alikwenda mpaka mlangoni akarudi, akamzunguka Mama, na Mama bila kuinua macho akaitikia kwa sauti ya chini, akakosea maneno, akacheka mpaka maharagi yakamwagika. Wimbo ulipokwisha na nyundo nayo ilinyamaza, kwa bahati tu.

"Umesikia?" dada alisema akihema, mluzi ndani yake. "Amenipigia ngoma na hajui!"

Nilicheka nao. Lakini kesho yake kibandani, nilipovaa spika za masikioni, sikucheka. Sauti ilikuwa inakuja na kuondoka kila alipotembea. Nyundo ilikuwa juu ya kila kitu. Maharagi yakimwagika yalisikika kama mvua ya mawe. Na mwanzoni mwa kila mstari, ule mluzi. Niliandika jina la faili: *jaribio, chafu*.

Nikaamua kufanya kama nilivyofunzwa. Chumba cha nyuma ndicho kidogo kuliko vyote. Niliyasimamisha yale magodoro mawili ya Gatumba pembeni, nikatundika blanketi dirishani na lingine mlangoni, nikalifungua kabati la nguo ili nguo zinyonye mwangwi. Saa ya kurekodi nilichagua Ijumaa mchana. Mafundi wa mtaa wetu wengi ni Waislamu, na Ijumaa inapoadhiniwa wanaweka nyundo chini wote wanakwenda msikitini. Kwa muda kama wa saa moja Buyenzi inakuwa kimya namna ambayo mgeni hawezi kuamini. Adhana ikishapita, kilichobaki ni kuku na mabati. Mabati ya paa yanapopata jua la saa saba yanajinyoosha na kulia, ta, ta, na kwa hilo sikuwa na dawa.

Ijumaa ya kwanza nilizima feni. Nilichora msalaba wa chaki sakafuni nikamwambia asimame hapo asiondoke. Kiganja kimoja na nusu. Uso ukaangalia godoro.

Aliimba mistari miwili akanyamaza.

"Inanuka Gatumba," alisema.

"Vumilia kidogo."

"Mi naimbia nani hapa? Hii godoro?"

"Ufanye kama kuko bibi harusi."

"Bibi harusi gani anaweza nuka hivi?" Tulicheka wote wawili, lakini jasho lilikuwa linamtoka chini ya mtandio, na aliporudi kuimba alikuwa ameshika pindo la nguo kwa mikono yote miwili, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Mguu wa kushoto ulitaka kwenda. Nilikuwa nauona unaondoka kwenye chaki, nikawa naugusa kwa kidole, nao unarudi.

Juma lile nilikaa na rekodi hizo kila kibanda kilipokuwa hakina watu. Kwenye kompyuta sauti inaonekana kama milima, na mluzi wake ulikuwa vilima vidogo kabla ya kila mlima. Nilijifunza kuvikata. Unachagua, unabonyeza, pamekuwa bapa. Nilikata wa kwanza, nikasikiliza, nikashangaa jinsi mstari ulivyoingia safi. Nikakata yote. Pale alipokatiza mstari kuvuta pumzi, nilivuta vipande viwili nikaviunga mpaka usingejua. Nilifanya kazi hiyo kwa furaha, sitaki kudanganya. Sikumwambia mtu, lakini moyoni niliona nimemponya. Daktari alikuwa bado hajashika kisu, na mimi kwenye kioo cha kompyuta nilikuwa nimeshamtoa rovu.

Ijumaa ya pili ilikwenda vizuri zaidi kwa upande wangu. Alikuwa amezoea kusimama. Tulifanya nyimbo nne. Nilimwambia asiimbe sokoni, asiite wateja, atunze koo, naye alitii. Mwenzake wa meza ya pili alimsaidia kuita. Pumzi ilikuwa imefupika. Baada ya kila wimbo alikaa kitandani ameshika magoti, na mimi nilikuwa naangalia saa kwa sababu mafundi wangerudi.

Alhamisi iliyofuata kompyuta ikaniambia haina nafasi. Ni kompyuta ya zamani, ilikuwa imejaa barua za watu na mialiko. Nilikuwa na mteja mbele yangu anasubiri maombi ya kazi. Nilifungua orodha nikaanza na vitu visivyo na maana. Ile *jaribio, chafu* nilisikiliza kama sekunde mbili: nyundo. Nikaifuta. Nikafuta na za Ijumaa ya kwanza ambazo hazijakatwa pumzi, kwa kuwa zilizokatwa ninazo. Kwenye simu nilikuwa nimeshafuta zamani, ili nipate nafasi ya kurekodi nyingine. Nikamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Nikageuka nikamwambia yule kijana, haya, maombi yako tunayaandika kwa nani? Hata sikuwa nimekaa vizuri kwenye kiti.

Ijumaa ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, operesheni ilikuwa Jumatatu. Nilitaka wimbo wa kumpokea bibi harusi utoke bila doa. Tulianza adhana ilipokwisha. Mara ya kwanza bati lililia. Mara ya pili kuku. Mara ya tano ilikuwa nzuri lakini ule mstari, mara ya tatu aliporudia, aliupandisha kama kawaida yake, na sauti ikachanika kwenye mikro.

"Turudie, dada. Kwenye 'watu' ya mwisho umepanda sana."

"Nimepanda pale ninapandaga."

"Najua. Lakini mikro haikubali. Uipitishe chini."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umelowa, na mtandio ulikuwa umetelezea nyuma, nikaona shingo yake yote, lile vimbe likipanda na kushuka.

"Ukiipitisha chini haiwi nyimbo yangu," alisema.

"Mara moja tu."

Aliipitisha chini. Haikuwa nzuri, tukarudia. Ilipofika mara ya kumi au ya kumi na moja, sauti yake ilikatika katikati, ikarudi imekwaruzika, na Mama akalisukuma blanketi la mlangoni akaingia. Sijawahi kumwona Mama amekasirika namna ile.

"Muache mutoto wangu apumue!"

"Mama, tumebakisha moja."

"Umebakisha nini? Mutu anakufa na joto humu, we unahesabu!"

"Wacha, Mama," dada alisema. "Amesema moja. Tufanye hiyo moja tumalize."

Akaifanya. Amesimama juu ya chaki, mikono imening'inia, hakupandisha popote. Bati halikulia. Alipomaliza, sekunde chache baadaye, nyundo ya kwanza ilisikika nje. Nilikuwa nimeipata. Niliinua kidole gumba juu, na yeye alikuwa ameshalala kitandani, uso ukutani.

Operesheni yenyewe walisema imekwenda salama, na hewa kweli ilirudi. Alilala chali siku ya pili, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Lakini alipofungua kinywa kumsalimia Mama hakikutoka kitu, ni upepo tu na mkwaruzo ndani yake. Daktari hakuficha. Uvimbe ulikuwa umeshikamana na ule uzi, alisema, na uzi umeguswa. Huenda ukaamka. Tungoje miezi sita.

Tulingoja. Mama alimpikia tangawizi na asali, alimsomea aya kwenye maji akamnywesha. Shemeji alileta dawa ya majani kutoka ng'ambo. Kila asubuhi, baada ya alfajiri, nilimsikia dada uani akijaribu: aaa, aaa, kama mlango unaokwaruza sakafu. Mwezi wa nne aliacha. Hakututangazia. Asubuhi moja niliamka ua uko kimya, nikajua.

Yapata miezi saba baada ya kukatwa, Jumapili alasiri, alikuja akaketi karibu yangu kwenye mkeka. Siku hizi ili umsikie lazima uinamishe sikio. Alisema, "Zile nyimbo. Nataka kusikiliza."

Nilikuwa naingojea siku hiyo. Nilikimbia kuchukua simu, nilikuwa nimeziweka zote kwenye simu, zimepangwa kwa majina. Nikampa spika za masikioni. Nikamwekea ule wa Ijumaa ya mwisho, uliotakata kuliko wote, nikakaa mbele yake namtazama kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mguu wake haukusogea. Akasikiliza wa pili. Kisha akazitoa zile spika, akaziweka mapajani.

"Huyu hapumui," alisema.

"Nilizitoa pumzi. Zilikuwa na mluzi."

"Ulizitoa?"

"Ndiyo, dada. Ili isikike safi."

"Iko safi." Alitikisa kichwa polepole. "Iko safi kabisa. Kama mutu ameisha oshwa."

Nilimwelewa. Alikuwa amewahi kuosha maiti za wanawake pale mtaani, na anajua uso unavyokuwa baada ya maji ya mwisho. Alinirudishia simu akasema, kwa upole, kana kwamba lililopita halikuwa na neno, "Nipe ile ya nyundo. Ile Mama alicheka."

Watoto wake walikuwa wanacheza karibu na bomba, maji yanachuruzika, na nilifikiria hata kumwambia simu imeharibika.

"Niliifuta," nilisema.

"Ile ya kwanza?"

"Ilikuwa chafu. Kompyuta ilijaa."

Alinitazama, midomo ikafunguka, shingo ikakaza pale penye kovu, na nikaona anataka kupiga kelele. Nilitamani apige. Nilitamani mtaa mzima usikie. Hakikutoka kitu. Alibaki hivyo kidogo, mdomo wazi, halafu akaufunga, akainuka, akaenda kufunga bomba.

Kesho yake sikufungua kibanda. Niliichukua kompyuta nikaipeleka mjini kwa fundi anayerudisha vitu vilivyofutwa. Alikaa nayo siku nne. Alinieleza kwamba kitu kikifutwa kinabaki chini kwa muda, lakini ukiandika kingine juu yake basi, ni kama kaburi lililozikwa mtu wa pili. Mimi nilikuwa nimeandika juu yake miezi saba: maombi ya kazi, talaka, risala, mialiko. Alinirudishia majina ya faili tu, bila kitu ndani.

Nikazunguka kwa wanawake. Nilidhani harusi zote zile, lazima kuna mtu ana kipande. Nilikuwa nimesahau desturi yetu wenyewe: shughuli ya wanawake simu zinaachwa mlangoni kwenye beseni, ili picha za watu waliovua mitandio zisitoke. Dada mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwenye beseni hilo. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Waliniimbia. Kila mmoja alikumbuka wimbo, na kila mmoja aliuimba kwa namna yake, na wengine walilia, na nilirudi nyumbani nimechoka kwa sauti za watu wengine. Mama nilipomuuliza kama anakumbuka siku ile ya nyundo alisema, "Mi niko nayo yote kichwani. Lakini mi ni muzee, nitaenda nayo."

Mwisho mwanamke mmoja wa barabara ya juu alikiri aliingiza simu kwa siri. Alikuwa na kipande kifupi, hakifiki nusu dakika. Picha ilikuwa giza, mgongo wa mtu. Aliyeshika simu alikuwa anaongea na jirani yake, anataka kujua kiti hiki kina mtu, hicho je, na nyuma kabisa, mbali, kama kutoka ua mwingine, alikuwa dada yangu. Maneno hayakusikika. Lakini alikuwa anatembea; unamsikia anaondoka, unamsikia anarudi. Na ukitega sikio sana unasikia anavuta pumzi.

Nilimpelekea. Alisikiliza mara moja.

"Yule mwanamuke alipata kiti?" aliuliza.

"Sijui, dada."

"Usitafute tena," alisema. "Inatosha. Unanichosha."

Sikutafuta tena. Kile kipande ninacho, lakini hajawahi kukiomba, na mimi sijawahi kukiwasha akiwa nyumbani. Mtaani sasa wanamwita mwimbaji mwingine, msichana mwenye sauti laini, na harusi zinafanyika. Dada anahudhuria. Anapanga viti. Ule mstari ukifika anatoka nje kuangalia sufuria. Kurekodi niliacha kwa miezi kadhaa, halafu nikarudia, kwa sababu watu wanakuja na ndiyo kazi ninayoijua. Wanataka mwaliko safi, nawapa safi.

Tulikuwa hatusemezani sana mwaka huo, si kwa ugomvi. Mtu ambaye kila neno linamgharimu anachagua maneno, na mimi sikuwa miongoni mwa watu aliowachagulia. Kisha juzijuzi, mwanzo wa mvua, alikuja tena kibandani akitoka Jabe. Aliketi kwenye kiti cha wateja. Alisema sokoni watu wamezoea kumfanya kiziwi. Wanamwona anajibu kwa mikono, wanamwonea huruma, wanamnyooshea kitenge na kumpigia kelele usoni. Wengine wanasimama mbali wanauliza, yeye anajibu, hawamsikii, wanaondoka. Alitaka karatasi ya kutundika juu ya meza.

"Niandike nini?" niliuliza.

Alifikiri. Niliinamisha sikio.

"Andika: Nasikia."

Niliandika, kwa herufi kubwa.

"Andika chini: Sogea karibu."

Niliandika. Nilitaka kuongeza "tafadhali" akaniambia niitoe. Nilipanga maneno katikati ya ukurasa, nikavuta pambizo, nikaongeza ukubwa mpaka yakajaa. Nilimwonyesha kwenye kioo. Alitazama muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji, akasema nafasi kati ya mistari ni kubwa mno, nibane. Nilibana. Nikachapa, nikaifunga ndani ya plastiki ngumu kwa mashine ya joto ili mvua isiiharibu, nikaitoboa juu matundu mawili ya kupitishia kamba. Aliishika kwa ncha za vidole kwa kuwa bado ilikuwa ya moto, akaipepea mpaka ikapoa, akaitia chini ya mtandio na kutoka.